Upanga wa Mwalimu Machogu

Bitutu hakuwa mtu wa kuvumilia uchafu ndani ya nyumba, na hasa siku ya Ijumaa. Pale Nyaramba, mwanamke wa Kisabato asiyesugua sufuria zake kabla jua halijatua atasemwa mpaka Sabato nyingine. Basi mshamjua mtu tunayemzungumzia.

Mumewe, Mwalimu Machogu, alifundisha historia mpaka akastaafu, na Wamongolia ndio waliokuwa ugonjwa wake. Siku moja akaona kwenye simu upanga unauzwa. Ala ya fedha iliyonakshiwa mazimwi, mpini wenye vijiwe vyekundu na vya samawati, na maneno kwamba eti ni wa kale, wa mashujaa wa Mongolia wenyewe. Jamani! Mzee akauza mtamba wao, akauagiza. Ulipofika na kutu yake, kijiji kizima kilicheka. Kwenye kituo cha kupimia majani chai vijana wakaanza kumwita Jenghis, jina la yule mfalme wa Wamongolia. Mwalimu akaacha kwenda kituoni, akaacha kusimama na wenzake baada ya ibada, akawa mtu wa kukaa nyuma ya nyumba na redio yake. Bitutu naye alikuwa amecheka, tena sana, mpaka alipoona mumewe hacheki tena na chochote. Hapo akaanza kuogopa.

Tumaini lilikuwa moja tu. Joyline, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Mwalimu, kazi yake Nairobi ni kuchunguza vitu vya kale. Alitumiwa picha, akapiga simu.

"Mwalimu, mazimwi hayo siyaamini, yanatengenezewa watalii kila siku. Lakini chuma chenyewe kimenishtua. Nitakuja Jumapili nikione kwa macho."

Tangu hapo Mwalimu hakuwa na habari nyingine, wakichuma chai, wakila, hata wakitoka kusali. "Akisema ni wa kale, Mama Brandon," alimwambia mkewe, "nitakwenda nao mpaka kituoni. Nione nani atacheka."

Ijumaa Mwalimu akaenda Nyamira mjini kunyolewa. Bitutu akamaliza sufuria, akamaliza vijiko, akasimama akiwaza. Mgeni atoke Nairobi kote huko aje aoneshwe chuma chenye kutu? Watu waseme mke wa Mwalimu ni mvivu? Thubutu! Akauchomoa upanga. Majivu, ndimu, waya wa kusugulia sufuria. Alisugua huku akiimba, akasugua mpaka akauona uso wake kwenye chuma. Maji machafu akayamwaga kwenye migomba. Akaurudisha upanga kwenye ala, akaufunga tena kwenye blanketi Mwalimu alilouhifadhia, akanyamaza. Alitaka mumewe ashangae siku yenyewe.

Sabato Mwalimu hakuugusa. Silaha ya damu haifunguliwi siku takatifu.

Jumapili Joyline akafika, akanywa chai, akavaa glavu. Akauchomoa upanga. Akausogeza dirishani, akatoa lenzi, akauinamia kwa muda mrefu. Bitutu alisimama mlangoni akitabasamu, akisubiri sifa.

"Nani ameusafisha?" Joyline akauliza.

Akaugeuza upanga upande wa pili.

"Kutu ile ndiyo iliyokuwa shahidi wangu," akasema. "Iliyokula chuma miaka na miaka haifanani na ile ya kupakwa siki juzi. Hata alama za mhunzi zimesuguliwa zikaisha. Labda ni wa kale, Mwalimu. Labda ni wa mwaka jana. Siwezi kusema, na wenzangu nao watakuambia hivyo hivyo."

Tabasamu likamkauka Bitutu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwalimu aliutazama upanga unavyong'aa, kisha akamtazama mkewe, akaelewa. Bitutu akafungua mdomo aseme.

"Ni mimi," Mwalimu akamwahi. "Niliusafisha mimi."

"Lakini wewe ndiye uliyetufundisha kwamba ushahidi hauguswi!"

"Nimezeeka, mwanangu."

Mgeni alipoondoka, Bitutu alikwenda kwenye migomba akachokora udongo kwa vidole, eti atafute kutu. Maji yakimwagika hayazoleki, na waliosema hivyo hawakuwa wakitania. Mwalimu akamkuta amepiga magoti pale, analia.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Wakijua ni wewe, watakucheka na wewe," Mwalimu akasema. "Mimi nimeshazoea. Inuka, utachafua nguo."

Jumatatu Bitutu alibeba kikapu cha majani chai peke yake mpaka kituoni. Vijana walikuwa wanamngoja, habari za mgeni zimeshawafikia.

"Mama Brandon! Jenghis aliambiwaje?"

Bitutu alitaka kuwapigia kelele kwamba ni yeye, mikono yake hii hii, waya wake wa sufuria. Lakini akisema hivyo, atakuwa amemnyang'anya mumewe kitu cha mwisho alichoweza kumfanyia mkewe. Na asiposema, wataendelea kumcheka mzee wa watu mpaka azikwe.

"Mgeni amesema hajui," akajibu.

Wakacheka, wakashikana mabega kwa kicheko. Bitutu akainua kikapu chake, akakitundika kwenye mizani, akangoja kipimwe.