Maji ya Kibuyu

"Ukiigusa tena starta hiyo, mtakwenda Lages kwa miguu," mama alisema, na baba akauachia ufunguo kana kwamba umemuunguza.

Ilikuwa alfajiri ya Julai, São Joaquim, milimani kusini mwa Brazili. Nyasi zilikuwa zimegeuka vioo na matawi makavu ya mitufaha yamevaa barafu. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, penseli mfukoni. Huko Lages, lango la mtihani wa kuingia chuo kikuu lingefungwa saa mbili, na likishafungwa hata machozi hayalifungui.

Gari letu lilikunywa alkoholi ya miwa. Kwenye baridi, alkoholi hubaki majimaji pale ambapo petroli ingekwisha kutoa mvuke wa kushika moto. Ndiyo maana chini ya boneti palikuwa na kitangi cha petroli, ya kuamshia injini tu. Mama, mwalimu wa kemia, alikifungua akanusa.

"Baba Odete, umeweka nini humu?"

"Alkoholi. Kwani gari si la alkoholi?"

"Na wewe, huwa unaamshwa kwa usingizi?"

Kituo cha mafuta kilikuwa hakijafunguliwa, na betri ilibakiwa na pumzi moja. Mama aliingia jikoni akarudi na birika la maji ya moto ya chai yetu chungu, ile tunayoinywa kwa kibuyu kila asubuhi.

"Hata funda moja, Mama Odete?"

"Injini kwanza."

Alilizungushia gunia bomba linalopeleka mafuta ndani ya injini, akamimina kidogokidogo, akisubiri chuma kinywe joto. Baba aliangalia saa. Mama hakuiangalia.

Leo kazi yangu ni kujaribu kuwasha injini za alkoholi ndani ya chumba cha baridi. Vipasha joto vyetu vya umeme hupasha mafuta moto karibu na pale mama alipofunga gunia. Bado sijaona mkono uliotulia kama ule.

"Sasa," alisema.

Injini ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikanguruma. Mama akainama dirishani.

"Usizime mpaka afike."

Nilipita langoni mlinzi akiwa ameshika komeo. Nilipotoka adhuhuri, jua lilikuwa limekwisha kuyeyusha barafu yote. Gari lilikuwa palepale, linanguruma, baba amekaa nyuma ya usukani.

"Baba, mbona hukuzima?"

"Mama yako kasema nisizime mpaka ufike." Akajikuna kidevu. "Hakusema ufike wapi."