Pacha wa Kamba Moja

Mkandarasi walimwita Bwana Kesho. Mikanda ya usalama ingekuja kesho, misumari ya kubana mbao za jukwaa ingekuja kesho, na fundi mmoja alipoomba kofia ngumu aliambiwa kichwa alichozaliwa nacho kinatosha. Basi mafundi wakajitafutia njia. Wawili wanaopiga plasta ukuta wa nje walijifunga kwenye kamba moja, huyu ncha hii na yule ncha ile, na kamba yenyewe ikapitishwa juu ya bomba lililo juu ya vichwa vyao. Mmoja akiteleza, mwenzake anakuwa jiwe la mizani. Walijiita mapacha. Nyapara ndiye aliyewachagua, na hakuuliza nani anapatana na nani. Aliangalia uzito tu, kama anayenunua mbuzi.

Ndivyo mtoto wa Bibi Karai alivyofungwa pacha na mume wa dada yake.

Bibi Karai alikuwa mchukuzi wa plasta hapohapo mjengoni. Meno yalikuwa yamempungua, lakini karai halikutikisika kichwani hata akicheka. Siku hiyo hakucheka. Alfajiri binti yake alikuja mlangoni taya limepinda, jicho limefumba, bila viatu na bila watoto. Mumewe alikuwa amewafungia watoto ndani na ufunguo ameutia mfukoni. Bibi alimlaza nyuma ya pazia, akamnywesha maji kwa kijiko.

"Kaka yako akipita kuchukua vifaa vyake," alimwambia, "wewe ni godoro. Usipumue."

Kaka akapita, akasikia godoro linalia. Akafunua pazia, akatazama. Alichukua mwiko wake wa kupigia plasta, akaufuta taratibu kwa shati lake mwenyewe, akatoka.

Mtu anayefuta mwiko kabla ya kazi, Bibi alijisemea huku akitafuta viatu, huyo haendi kazini.

Alipofika mjengoni akihema, mapacha walikuwa tayari ghorofa ya tatu.

"Washushe wale," alimwambia nyapara.

"Wana nini?"

"Wana mimi. Washushe."

"Mama, plasta ikikauka utailamba wewe?"

Bibi akainua macho. Macho yake ya karibu yalikuwa yamestaafu, lakini ya mbali bado yako kazini. Mkwewe alikuwa amejifunga fundo la kukaza, tena mara mbili, mtu anayeipenda roho yake. Mwanawe alikuwa na fundo la kitanzi kiunoni, mkia wake unaning'inia. Ni fundo la kufungia mbuzi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha utotoni. Mzigo ukilivuta, linabana. Wewe ukivuta mkia, linafunguka lote kwa mara moja.

Akaelewa. Mkwe atasukumwa, pacha wake atavuta mkia, kamba itachomoka, na mjengo mzima utasema fundo liliteleza. Mkwe kufa halikuwa jambo la kumnyima Bibi usingizi. Lakini mwanawe hajawahi kujua kudanganya. Polisi wakimwuliza jina tu, atawapa na kosa juu yake. Binti kukosa mume, sawa. Yeye kumkosa mwana, hapana.

Akajaza karai, akalitua kichwani, akapanda ngazi.

"Mama, shuka," mwanawe alisema alipoona kichwa kinachomoza.

"Nimeleta plasta."

"Tunayo."

Mkwe akacheka. Alikuwa mzuri wa sura, na alijua. "Shikamoo, mama mkwe. Umepanda mwenyewe leo? Au binti yako kakutuma?"

"Marahaba, baba. Angenituma kwa mdomo gani?"

"Aligonga mlango," mkwe alisema, akiendelea kulainisha ukuta. "Si unamjua, hatazami anakokwenda."

"Mlango upi, shemeji?" mwanawe aliuliza polepole. "Huu?"

Akamchapa mdomoni kwa ubapa wa mwiko.

Mkwe alitema meno mawili kwenye plasta mbichi, yakanasa palepale kama mapambo. Akarudisha kwa ndoo. Ndoo ikampata mwenzake sikioni na kulichana. Wakavamiana, kichwa kwa kichwa, kidole kwenye jicho, goti kwenye kinena. Pua ikavunjika, na kwa jinsi damu ilivyowajaa usingejua ni ya nani. Jukwaa zima likayumba, mabomba yakigongana. Mwanawe akampiga mkwe teke la tumbo. Mkwe akarudi hatua moja, akakanyaga ncha ya ubao ambao misumari yake ingekuja kesho. Ubao ukainuka upande wa pili. Mkwe akaondoka.

Kamba ikapiga kelele juu ya bomba, kisha ikakaza. Chini, mkwe alibamizwa ukutani kwa ubavu, na Bibi akasikia mbavu zikikatika kama kuni kavu. Juu, mwanawe alinyakuliwa miguu ikaacha mbao, akabaki ananing'inia, kiuno usawa wa uso wa mama yake. Mkono wake ukaanza kutafuta mkia.

"Mama, fumba macho."

"Fumba wewe," Bibi akasema, akammwagia karai lote la plasta usoni.

Alipiga ukelele, saruji inamchoma macho, lakini mkono haukuacha. Ukaupata mkia. Kitanzi kikaanza kusinyaa. Bibi akashika karai tupu kwa mikono miwili, akaupiga ule mkono dhidi ya bomba. Haukuachia. Akaupiga tena kwa nguvu zake zote. Mfupa ukalia, vidole vikafunguka. Kitanzi kilikuwa kimebaki upana wa dole gumba. Akapenyeza mkia ndani yake, akaukaza kwa meno aliyobakiwa nayo, fundo lisifunguke tena.

Kisha akachungulia chini. "Nyapara. Sasa utawashusha?"

Waliposhushwa, Bibi alimwosha mwanawe macho kwa maji ya pipa, mengi, mpaka yakafunguka mekundu.

"Umenivunja mkono, mama."

"Mkono huo ulikuwa unakwenda jela. Ungekuvuta na wewe."

Mkwe alikuwa amelala mchangani, anatoa mapovu ya damu. "Mama mkwe," alisema, "umeniokoa."

"Usijisifu. Ulikuwa ncha ya pili ya kamba tu." Akachuchumaa kando yake. "Ufunguo."

Mkwe akafunga mdomo. Bibi akamwekea goti kwenye mbavu, taratibu, kama mtu anayejaribu godoro dukani. Akaongeza uzito kidogo. Mkwe alilia mpaka ndege wakaruka kwenye mabomba. Hakuna aliyesogea, nyapara alikuwa ameona kitu muhimu sana angani.

"Mfuko wa kushoto," mkwe akasema.

Bwana Kesho alitokea akiwa na haraka. Akatazama damu, akatazama kamba, akaokota karai.

"Nani kapinda karai langu?"

"Mimi," Bibi akamjibu, ufunguo mkononi. "Nitalinyoosha kesho."

Akaenda kuwafungulia wajukuu zake.