Siku Niliyobaki Kitini

Ami Shedid alifunga vifungo vya koti lake, akasimama. Chama chetu chote kikainuka nyuma yake, viti vikikwaruza sakafu ya bunge, kama ilivyokuwa kila kikao. Mimi sikuinuka.

Kwa miaka miwili Lebanoni haikuwa na rais. Wabunge ndio wanaomchagua, nasi tulikuwa tumegawanyika hata ndani ya chama kimoja. Wengi kwa siri walimtaka jaji mmoja mstaafu. Ami, kiongozi wetu, alimtaka swahiba wake. Kila kura ilipokaribia alitutoa nje, akidi ikavunjika, tukarudi makwetu tukijiita watu wenye msimamo.

Haikuwa rahisi kumkatalia. Baba alipofariki, ami ndiye aliyenishika mkono makaburini, akanifundisha kuhutubia, akanipigania mpaka nikakirithi kiti cha marehemu.

Lakini asubuhi ile, nyumbani Zahle, mama alikuwa akiwamiminia majirani kahawa.

“Najla, mwanangu,” akaniuliza, “viti vya huko bungeni vina upupu?”

“Kwa nini, mama?”

“Kila nikiwasha televisheni naona mnainuka. Baba yako alikaa pale mpaka suruali zikang’aa matakoni.”

Majirani walicheka hadi kahawa ikamwagika. Nilicheka nao. Nilipoingia garini, uso ulikuwa ukiniwaka.

Sasa ami aliniinamia. “Inuka, binti yangu. Watu wanatutazama.”

“Waache watazame, ami. Nimekuja kupiga kura.”

“Utakivunja chama.”

“Kimeshavunjika. Tunachofanya ni kuficha vigae.”

Ami akatoka bila kugeuka. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa, na kiti kinalia. Alikuwa mzee Fares, mkongwe wa chama.

“Hata mimi miguu inauma,” akasema, akaketi.

Mwingine akarudi kutoka mlangoni. Halafu mwingine. Spika akahesabu, akahesabu tena, kama asiyeyaamini macho yake.

“Akidi imetimia.”

Ukumbi ulinguruma. Karatasi za kura zikasomwa moja moja, na jina la jaji likarudiwa na kurudiwa mpaka waliokuwa juu, kwenye jukwaa la wageni, wakaanza kulitaja kabla ya msomaji. Tulipotoka, kengele za makanisa na adhana ya alasiri vilikutana hewani, na madereva wakazipiga honi bila huruma. Watu wa Zahle walinilaki kwa kunirushia mchele na kuninyunyizia maji ya waridi. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Sijawahi kubebwa juu juu namna ile, wala sidhani nitabebwa tena.

Jua lilikuwa halijazama simu ilipoita. Alikuwa ami.

“Umekula?” akauliza.

“Bado, ami.”

“Basi njoo. Mke wangu amepika kibe, na mimi siwezi kuimaliza peke yangu.”