Sahani ya Kyungu

Mimi ni Kabange, na kila Muluba, mtu wa kabila letu, anayesikia jina hilo huniuliza Kyungu yuko wapi. Ndiyo majina ya mapacha kwetu: anayetangulia ni Kyungu, anayefuata ni Kabange. Kyungu alikufa kwa surua kabla hatujaanza shule. Mama yangu, Ndaya, hakuwahi kulitamka hilo. Alisema amekwenda kukata kuni. Kumlilia pacha mmoja ni kumwita mwenzake amfuate, kwa hiyo hakulia, na kila siku alipakua bukari, ugali wetu, sahani mbili. Nilikuwa mwalimu wa misheni hapa Kamina, nina ndevu, na bado nilikula mbele ya sahani isiyo na mtu! Ilinichosha. Nilitaka jambo moja tu: mama aseme Kyungu amekufa, aniache niwe mtu mmoja.

Mwaka wa hamsini na sita, Padri Amédée, Mbelgiji mzee aliyefundisha hesabu, alikuwa akitafuta galaksi mbili hafifu zilizokaribiana katika kundi la nyota liitwalo Korongo. Kiangazi chote moshi wa mapori yanayochomwa ulifunga anga. Mvua za kwanza za Oktoba zilipoosha hewa, aliweka darubini yake nyuma ya kanisa mara giza lilipoingia. Akaona mbili, kama ramani yake ilivyoonyesha. Lakini hakuyaamini macho yake ya uzee, akaniita.

Nikachungulia. Niliona ukungu mmoja mdogo, kama pumzi kwenye kioo.

"Iko moja, mon père," nikamwambia Padri.

Akanuna. Wakati huohuo mama akatokea ameniletea sweta, kwa sababu ya baridi. Alileta mbili, bila shaka. Padri akamwomba naye atazame, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Sioni kitu," mama akasema.

"Usiangalie yeye moja kwa moja, mama," Padri akamwelekeza. " Ukimukazia macho, anapotea. Angalia pembeni kidogo, njo atakuja."

"Ile minyi mwenyewe najua," mama akajibu, akainama tena. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikaanza kuona haya.

"Iko moja," akasema. Kisha akasema, "Hapana. Iko mbili. Ya pili iko karibu sana na mwenzake, lakini haina nguvu. Imelala upande huu." Akaonyesha kwa kiganja.

Padri akaifungua ramani chini ya taa aliyoifunika kitambaa chekundu. Upande ulikuwa uleule. Akampigia mama makofi. Nikarudi kwenye darubini, nikatazama pembeni, na kweli zilikuwa mbili.

"Mwangaza huu ulitoka kule zamani sana, watu hawajakuwa," Padri akasema. "Tunaona vile zilikuwa. Kama leo bado ziko, hatujui."

Mama akamgeukia. "Kumbe kitu inaweza kuisha, na bado unaiona?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukisema imeisha, haupotezi ile unaona?"

"Haupotezi."

Tukamuaga Padri. Tulipofika karibu na nyumbani, akasimama njiani na zile sweta mkononi.

"Kabange. Kyungu alikufaka. Minyi njo nilimufunika macho. Weye ulikuwa unalala pembeni yake."

Akaketi chini akalia kilio cha miaka yote ile. Nilimshika mabega. Nilifurahi, sifichi. Na mimi huyohuyo, mwalimu niliyesoma, niliweka mkono kifuani kuhakikisha moyo wangu bado unapiga.

Kesho yake mchana nilitoka shuleni na njaa. Mezani palikuwa na sahani moja. Mama alikaa mbele yangu, macho yamevimba, uso umetulia. Alinitazama mimi peke yangu.

"Kula, mutoto yangu."

Nikanawa, nikamega tonge. Jicho likaponyoka pembeni, mahali pale patupu pa meza. Nilimkosa Kyungu. Mimi, nisiyekumbuka hata sauti yake, nilimtamani, nikalirudisha tonge sahanini.

Nikainuka. Nikaitoa sahani ya pili kabatini, nikaipangusa kwa shati langu, nikaiweka mezani mwenyewe.