Mdudu wa Paji la Uso

Simu ndiyo iliyomponza Aidah. Alikuwa maabara, akifunga mtungi usiopitisha hewa, ule wa kukuzia bakteria wa ngozi ambao kwao oksijeni ni sumu, dada yake akampigia kutoka Bukoba na maneno yakanoga. Alipokumbuka kifuniko, sampuli ya paji la Mukashema, mama mmoja wa Masaka, pembeni mwa jiji, ilikuwa imekwisha kufa. Kurudi kuomba nyingine aliona haya. Akachukua kijiti cha pamba, akajisugua paji lake mwenyewe, akaandika jina la mama wa watu. Nani angejua?

Kumbe mdudu aliyeota hakufanana na yeyote aliyekwisha kuainishwa. Vinasaba vyake vilisomwa, vikasomwa tena, havikupata ndugu. Daktari Norman, mkuu wa maabara, alifurahi kama mtoto siku ya Idi, akampigia Mukashema na kumwahidi kwamba bakteria huyo ataitwa kwa jina lake. Ilibaki sampuli ya pili tu, ya kuthibitisha. Akatumwa nani? Aidah huyohuyo. Akapanda pikipiki kwenda Masaka.

Mukashema alimngoja mlangoni, amevaa mshanana wake wa kanisani, vazi la kitambaa kinachofungwa begani. Alikuwa mjane aliyewahi kuuza vitambaa soko la Nyamirambo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko sokoni.

"Karibu, mwana wangu!"

Mara ya kwanza walipeana mikono tu, kama wageni. Leo alimkumbatia, kichwa upande huu, kichwa upande ule, kisha paji kwa paji, akakandamiza kama anavyosalimiwa mtoto wa kuzaa.

Aidah aliganda. Mdudu wake sasa alikuwa kwenye paji la yule mama! Akipitisha kijiti pale, majibu yatalingana, na uongo utageuka kweli. Hakuna atakayejua mpaka kiama.

"Nimeambia kanisa yote," Mukashema alisema, akikaa. "Watoto wangu, Mungu alichukua wote. Nilijua jina yangu itaisha na mimi. Sasa iko kadudu kataitwa Mukashema. Si ni kitu?"

Aidah alitoa kijiti. Alitaka kunyamaza, tena alitaka sana. Lakini kumpa mama huyu mrithi wa uongo kulimshinda.

"Mama, nisamehe. Yule mdudu si wako, ni wangu. Sampuli yako niliiharibu kwa uzembe, nikajisugua mimi, nikaandika jina lako."

 Mukashema aliinua pembe ya mshanana, akajipangusa paji la uso polepole, palepale walipogusana. Alipomaliza, akalisogeza mbele.

"Chukua sasa," alisema. "Hata kama iko kadudu ya kawaida. Iko yangu."