Migomba Iliyolishwa Betri

Atuganile alikuwa anamwaga majivu kwenye shina la mgomba ulio karibu na jiko, pale trekta la shemeji yake Geresoni lilipopanda kilima cha Kisondela likivuta tela lililojaa. Ulikuwa mwaka ule kiwanda cha chai kilipouzwa kwa watu binafsi. Wenye mali wapya walileta kompyuta, wakapaka ofisi rangi nyeupe, na kila kitu cha zamani wakakiita taka: mashine za kuchapia, makabati ya chuma, simu, betri, tyubulaiti, na mapipa ya dawa ya magugu iliyoharibika. Geresoni, dereva wa kiwanda, aliambiwa avipeleke mahali salama. Mahali penyewe hakuna aliyemwonyesha. Alipewa trekta, hakupewa shimo.

"Shemeji," alisema akiwa bado juu ya usukani, "nimekuletea taka za ofisini."

"Zina nini?"

"Taka tu. Taka si taka?"

"Haya, mwaga migombani. Ndaga fijo, asante sana."

Anayetaka kumcheka Atuganile amcheke na Rungwe nzima. Huko kinachofagiliwa nyumbani huenda kwa mgomba: majivu, maganda, mavi ya ng'ombe, hata shati lililochakaa. Mgomba hauchagui, na mwanamke anayekataa taka za bure huonekana ana kasoro. Alimwonyesha Geresoni katikati ya shamba, karibu na kaburi la mumewe Amoni, ambako udongo ulikuwa umechoka. Kisha alichukua jembe akafukia mwenyewe, vizuri, kwa moyo mmoja.

Mvua zikanyesha. Migomba ikanenepa, majani yakawa na kijani cha kuelekea nyeusi, na mikungu ikafika magotini. Atuganile aliingia na panga kukata mmoja. Alipoinua mkono, mgomba uliinama ukampiga mdomoni kwa mkungu uleule aliokuwa anautaka. Meno mawili yakatoka. Alipochutama kuyaokota, wa nyuma ukampiga mgongoni. Alitoka akitambaa, akasukutua kwa maji ya chumvi, akabandika viazi jikoni.

Wiki hiyohiyo mbuzi wa jirani yake Veronika alivuka mpaka kufuata majani. Jani moja lilishuka likamkata shingo, mkato safi kuliko wa bucha. Veronika hakuleta ugomvi. Alimvuta kwa kamba mpaka nje, wakagawana nyama, na tangu hapo alifunga mbuzi wake upande wa pili.

Atuganile alimwita Geresoni.

"Shemeji, njoo uchukue vitu vyako. Mimi sina shamba lingine. Nikikosa hii migomba nitakula nini?"

"Nitakuja, shemeji. Kosa ni langu."

Alikuja kweli, na ndiyo sababu siwezi kumsema vibaya. Migomba ilimwacha aingie na sepetu, ikamwacha achimbe, ikamwacha hata ainue mashine moja ya kuchapia iliyoanza kutu. Alipogeuka kutoka nayo, jani lilimkata nyuma ya magoti. Akaanguka chali, mashine kifuani. Kisha mikungu ilimshukia kwa zamu, kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja, mpaka kichwa chake kikakosa umbo. Atuganile alikimbilia ndani ya migomba akipiga kelele, akavunjwa mfupa wa bega. Mashine ya kuchapia ilizama udongoni polepole, na udongo ukajifunga juu yake.

Mwili ulivutwa nje kwa kamba, kama mbuzi wa Veronika. Geresoni alipaswa kuzikwa kando ya kaka yake Amoni, katikati ya migomba ileile. Wanaume walikuja msibani na mapanga na mikuki, kama babu zao walivyokuja misibani, ila safari hii vilikuwa vya kutumika. Walipigana asubuhi yote. Kila mgomba uliokatwa ulirusha utomvu wa tindikali machoni mwao. Mmoja wao, Lukasi, aliachia huko sikio. Mchungaji alisubiri nje na kitabu chake, akifupisha sala kadiri majeruhi walivyoongezeka. Mpaka mchana walikuwa wamefungua njia isiyotosha hata kupitisha kuku.

Ndipo likaja trekta la kiwanda na dereva mpya, Meshaki, na pembeni yake Isakwisa, afisa utawala, mzaliwa wa Kisiba aliyefunga tai. Tela lilijaa betri. Meshaki hakuwa na habari ya lolote, akaingia moja kwa moja. Migomba ilisogea kulia na kushoto ikampisha, mikungu imeinuliwa juu isimguse.

"Kumbe inamjua anayeilisha," alisema mwenyekiti wa kijiji, Anosisye, akijifunga kitambaa mkononi.

Basi wakabeba jeneza nyuma ya tela la taka. Ndivyo Geresoni alivyofika kaburini. Betri zikamwagwa huku, mtu akafukiwa kule, na kwaya ikaimba kwa sauti kubwa kushinda injini. Hakuguswa mtu.

Nje ya shamba Atuganile alimshika Isakwisa tai.

"Ondoeni vitu vyenu. Vimeua."

"Pole sana, mama. Lakini si ulipokea mwenyewe?"

"Nilipokea taka!"

"Ndizo hizo." Isakwisa alijinasua taratibu, akaitazama migomba kwa kuridhika. "Serikali inataka taka zikae mahali ambapo mtu hawezi kuzigusa. Nimezunguka wilaya nzima sijaona mahali penye ulinzi kama hapa."

Atuganile alimzaba kofi. Isakwisa alilipokea kwa adabu, kwa kuwa mama huyo alikuwa mfiwa. Jumatatu kibao kikasimamishwa: ENEO SALAMA LA TAKA. Mzungu mmoja alikuja kukipiga picha, akasimama mbali.

Njaa ilimfundisha Atuganile yaliyobaki. Alipanda hadi geti la kiwanda na kapu, akaomba taka. Askari alimpa tyubulaiti zilizokufa. Akaziingiza migombani, nayo ikampisha, akakata mkungu mmoja, akatoka mzima. Ndizi zilikuwa na ladha ya senti ya shaba, lakini zilishibisha. Wajukuu wake walizila kisha wakatapika, kisha wakazoea. Inaniuma kuliandika neno hilo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Mizizi ya migomba haijui mpaka. Kufikia mavuno ya chai, migomba ya Veronika nayo ilimvunja mkono, halafu ya jirani wa pili, halafu ya bonde zima. Sasa kila asubuhi kuna foleni ya wanawake getini, na ofisi moja, hata ikiharibu vitu namna gani, haina taka za kutosha wote.

Juzi askari alitoka na betri moja tu. Veronika ndiye aliyekuwa mbele, na mkono wake mzima alikuwa ameshaunyoosha. Atuganile alimpiga kiwiko cha shingo. Alipoanguka akamkanyaga, akaichukua betri, akajitwika kichwani, akateremka haraka kwenda kuilisha migomba yake kabla ya mvua.