Bila Pumzi Hakuna Kesi

Kaka yake Mama Pacha alifanya kazi mahakamani, na kwa sababu hiyo familia nzima haikuwahi kumtafuta mwanasheria kwa jambo lolote.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mlangoni. Hakimu akifika, yeye hufungua mlango, hutamka "Simameni" kwa sauti nzito ambayo nyumbani hakuwa nayo, kisha huufunga na kubaki nje kwenye korido, kuwanyamazisha wanaoongea na simu. Kesi, basi, alizisikia kupitia mbao. Mwanzo aliusikia vizuri, maana watu huanza wakiwa na sauti. Katikati palimpotea. Mwisho aliusoma kwenye nyuso za watu wanaotoka. Kwa elimu hiyo mtaa mzima ulimwita Wakili, naye hakuwahi kumsahihisha mtu.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mashine ya kupima ulevi. Alilitoa kila Jumapili baada ya chakula, akiwa amelegeza mkanda. Kuna mtu mmoja, alisema, alikataa kuipuliza ile mashine, akapelekwa mahakamani. Aliingia amenuna, akatoka anacheka. Ukipuliza umewapa ushahidi kwa mdomo wako mwenyewe. Usipopuliza, wana nini mkononi? Hawana kitu. "Bila pumzi hakuna kesi," alimalizia, na wale pacha, ambao walikuwa bado wanajifunza kufunga kamba za viatu, waliitikia pamoja naye.

Baba Pacha alisikiliza kwa heshima anayostahili shemeji mkubwa. Somo lenyewe halikumhusu ndewe wala sikio. Tangu azaliwe hajaonja pombe, na hata dawa ya kikohozi aliinywa akiwa amefumba macho. Lakini jambo ukiambiwa kila Jumapili linaingia tu, hata kama huna pa kulitumia, likakaa huko ndani likisubiri siku yake.

Yeye na mkewe walikuwa madobi. Mama Pacha alifua na kupiga pasi. Baba Pacha aliendesha gari, kigari cha mizigo chenye milango miwili nyuma, akipeleka mashuka na vitambaa vya meza kwenye hoteli moja kubwa na nyumba kadhaa za wageni. Honi ya gari ilikuwa imekufa zamani. Akifika getini hutia vidole viwili mdomoni na kupiga mluzi, na wapishi walio jikoni kabisa husikia. Gia ya pili nayo ilikuwa na kiburi, na alisema haimtii mtu mwingine. Ndiyo maana leseni ya Mama Pacha, aliyoipata kabla hajaolewa, ilikaa kwenye kopo pamoja na vifungo vya mashati vilivyodondoka kwenye maji na kukosa mwenyewe.

Siku ya mkasa, hoteli ilikuwa imetoka kupokea mkutano wa wahasibu. Wahasibu hawakumwaga chai wala mchuzi. Walichofanya ni kuacha wino kila mahali, na wino hautoki kwa sabuni, hutoka kwa spiriti. Asubuhi nzima Baba Pacha aliinama juu ya vitambaa akigongagonga madoa na pamba, na chupa ilipompinduka akalowa kuanzia kiwiko hadi gotini. Hakubadilisha nguo. Hoteli ilikuwa inasubiri.

Kwenye mzunguko wa barabara askari wa trafiki walikuwa wanasimamisha magari yote. Aliyekuja dirishani kwao alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Aliinama kuomba leseni, akavuta hewa, akaivuta tena. Halafu akatoa kimashine cheusi chenye mrija mweupe wa plastiki na kumwomba Baba Pacha apulize.

Mama Pacha, kwenye kiti cha abiria, alikuwa amepakata vitambaa vilivyopigwa pasi, vimemfika kidevuni. Akamwambia mumewe kwa chinichini apulize, waondoke, vitambaa vinapata mikunjo.

Baba Pacha hakumtazama. Alikuwa anakitazama kile kimashine, na ilikuwa wazi anafikiria mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, spiriti iliyokuwa ikinukia mpaka kwenye paa la gari, ambayo mashine isingejua kwamba ni ya wahasibu. La pili, shemeji yake.

"Sipulizi, afande," alisema.

Afande alimweleza polepole, kama alivyofundishwa, kwamba kukataa ni kosa peke yake. Hata kama hajanywa tone, kukataa bila sababu ya msingi kunampeleka mahakamani, na adhabu yake ni ileile ya mlevi, tena mlevi wa kupindukia. Akamwomba tena. Baba Pacha akatabasamu, tabasamu la mtu mwenye ndugu ndani ya serikali.

"Bila pumzi hakuna kesi, afande."

Afande alimwomba ayarudie hayo maneno, ili ayaandike vizuri.

Mama Pacha angeweza kusema neno hapo. Alilitafuta. Ila alikuwa mtu wa aibu mbele ya wageni, na zaidi ya hapo, sehemu fulani ya moyo wake nayo ilikuwa imehudhuria zile Jumapili zote. Gari na dereva wake wakapelekwa kituoni, na vitambaa vikafika hotelini jioni, kwa kukodi mkokoteni. Meneja alivipokea na kusema kwamba dereva akifungiwa leseni, mkataba nao hana budi kuuangalia upya. Alilisema jambo hilo kwa adabu sana, ndiyo maana Mama Pacha alijua ni kweli.

Wakili alipopewa habari aliuliza shemeji yake alikataa kwa maneno au kwa vitendo. Kwa maneno, akajibiwa. Akatikisa kichwa. Kumbe alikataa vibaya. Angekataa kiugonjwa. Lakini bado hakijaharibika kitu, alisema. Atakapofikishwa mbele ya hakimu adai ana kifua, pumzi haitoshi kupuliza mashine, na mkewe aitwe kuwa shahidi. Nani atabisha? Mke ndiye anayelala karibu na hicho kifua.

"Na mimi niseme hivyo chini ya kiapo?" Mama Pacha aliuliza.

"Dada, useme usiseme, mumeo ndiye mwenye leseni," kaka yake akamjibu. "Mimi nakushauri tu."

Siku ya kesi Wakili mwenyewe ndiye aliyewafungulia mlango. Alimkonyeza shemeji yake, akatamka "Simameni", akatoka, akafunga. Mama Pacha alikaa kwenye benchi mahali ambapo aliweza kuuona mwanya chini ya mlango, na kwenye mwanya huo vivuli viwili vya viatu.

Afande mrefu alitoa ushahidi wake bila kuongeza chumvi. Alisoma maneno ya mshtakiwa kama yalivyosemwa. Ukumbini mtu mmoja alikohoa. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akamwomba afande aendelee. Zamu yake ilipofika Baba Pacha akaanza kueleza habari za kifua chake, na alieleza vizuri, maana Wakili alikuwa amemfanyisha mazoezi. Kinambana. Kinamkata. Usiku kinapiga filimbi.

Mwendesha mashtaka alimrudisha afande kwa swali moja tu. Je, wakati gari linapelekwa kituoni aliona dalili yoyote ya ugonjwa wa kifua? Afande alifikiri, maana alikuwa mtu wa haki. Akasema gari halikuwa na honi, na aliyekuwa analiendesha ni askari mwenzake. Mshtakiwa, aliyekaa nyuma, alijitolea kuwapigia mluzi watu wapishe njia. Watu walipisha. Hata waliokuwa upande wa pili wa soko walipisha.

Baba Pacha akainamisha kichwa. Kusaidia watu kulikuwa ndani ya damu yake.

Mama Pacha akaitwa. Kizimba kilimfika kifuani, na sauti yake ilitoka ndogo kiasi kwamba karani alimwomba aanze upya. Akaapa upya. Hakimu akavaa miwani na kumwuliza yeye mwenyewe.

"Mama, mumeo ana ugonjwa wa kifua?"

Aliutazama uso wa mumewe, mtu ambaye hajamdanganya tangu wajuane, isipokuwa kuhusu gia ya pili. Aliutazama mwanya wa chini ya mlango. Vile vivuli vya viatu vilikuwa vimesogea karibu zaidi. Akafikiria hoteli, na leseni, na wale pacha wakiitikia mezani. Uongo ungeweza kumwokoa. Kwa upande mwingine, uongo huo ulitoka dukani kulekule ulikonunuliwa ule wa kwanza.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Hana ugonjwa wa kifua. Ana shemeji."

Hakimu aliandika jambo hilo. Alichukua muda mrefu kuliandika, akiwa ameinamisha uso, na mabega yake hayakutulia. Alipoinua kichwa alikuwa hakimu tena. Akaeleza kwamba mahakama haina shaka hata kidogo kuwa mshtakiwa hakuwa amelewa, na kwamba hilo halimsaidii. Sheria haikumshtaki kwa kunywa. Ilimshtaki kwa kuikataa mashine, na laiti angeipuliza, ingemtetea kuliko mtu yeyote aliyemo humu ndani. Ushauri wa ndugu si sababu ya msingi. Atalipa faini, na leseni atanyang'anywa kwa mwaka mzima. Kwa habari ya kifua alikuwa amekusudia kumwongezea mwaka wa pili, lakini mke wake amemwahi.

Kwenye korido Wakili alikuwa anasoma nyuso, kama kawaida yake. Alianza na uso wa dada yake, akauacha. Alipofika kwenye wa shemeji yake, akauliza imekuwaje.

"Ule mwaka wa pili nimesamehewa," Baba Pacha alimjibu.

Kuhusu yule mtu aliyeingia amenuna akatoka anacheka, Wakili aliona vyema amwulize karani, kwa mara ya kwanza. Karani alimkumbuka. Alikuwa shahidi wa kesi nyingine kabisa, aliyekosea chumba. Yule aliyekataa kupuliza alitolewa kwa mlango wa nyuma, na huko nyuma hakuna aliyeuona uso wake.

Mama Pacha alimwaga lile kopo mezani, akaichomoa leseni yake katikati ya vifungo, akaenda kuionyesha hotelini. Meneja aliitazama picha, akamtazama yeye, akasema mashuka hayajali nani kayaleta. Juma zima la kwanza gia ya pili ilimgomea. Juma la pili aliacha kuiomba, akawa anaisukuma kama anavyosukuma zulia lililolowa, ikaingia. Baba Pacha, aliyekaa kiti cha abiria, alitazama nje na kusema leo imeamka vizuri.

Wakili naye alianza kuja siku asizokwenda kazini, kubeba marobota. Alisema daktari amemshauri mazoezi. Hakuna aliyeuliza daktari yupi.

Asubuhi moja walikuta magari yamepangwa kwenye mzunguko uleule. Afande mrefu alikuja dirishani, akawatambua wote, akaomba radhi kwa macho. Kule nyuma, marobota aliyokalia Wakili yalilia kidogo.

"Kaka, nyamaza," Mama Pacha alisema.

"Sijasema kitu," Wakili akajibu.

"Ndiyo. Endelea hivyohivyo."

Akaupokea mrija, akapuliza mpaka kimashine kikalia. Afande akamwonyesha sifuri, akamtakia safari njema. Lakini Baba Pacha alikuwa ameinama kupita mapaja ya mkewe, ameukaribia mrija.

"Na mimi, afande."

"Wewe si dereva, mzee wangu. Haikuhusu."

"Najua hainihusu."

Magari ya nyuma yalianza kupiga honi. Afande alitazama foleni, akamtazama yule mtu, kisha akatoa mrija mpya mfukoni, akaubadilisha bila haraka. Baba Pacha alivuta pumzi kutoka chini kabisa, pumzi ya mtu mwenye mapafu mazima, akapuliza hata baada ya mashine kulia, mpaka afande alipomgusa bega.

Sifuri.

Aliitazama hadi ikazimika yenyewe. Akauliza kama inaweza kuandikwa mahali. Afande akasema kwa upole kwamba haiwezi, ila mrija, kwa kuwa umeshatumika, angeutupa tu.

Baba Pacha akautia kwenye mfuko wa shati. Mama Pacha akasukuma gia.